Mtani Akikusalimia kwa Adabu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Hilo nimelisema kwenye vikao vya harusi, nimelisema barazani, nimemwambia hata ofisa mmoja wa ardhi aliyetaka kunitisha kwa mafaili yake. Mtu aliyeacha shule darasa la nne, akatoka Kiwangwa na tenga la mananasi kichwani, na leo ana yadi ya matofali Mapinga, ana malori mawili na nyumba ya bati la rangi, huyo utamshangaza kwa lipi? Nimeona mteja anamaliza ghorofa na bado hajaoa. Nimeona kiwanja kimoja kimeuzwa kwa watu watatu, wote watatu wakaja kuagiza tofali kwangu siku moja, na mimi nikawahudumia wote kwa zamu, bila kumwambia mtu neno, kwa sababu kazi yangu ni tofali, siyo hukumu.

Kwa hiyo asubuhi ile dada mmoja aliposhuka kwenye gari pale yadini, amevaa jinzi na kofia pana ya jua, akaniambia ametoka Dar na anataka kurekodi filamu kwenye yadi yangu, sikushtuka. Nilimwekea kiti, nikamwambia kijana wa ofisini alete soda.

Yule dada ndiye aliyekuwa mwongozaji. Nilikuwa sijui kazi hiyo, akanieleza: yeye ndiye mwenye kuwaambia watu lia, cheka, rudia. Nikamwambia hata mimi ni mwongozaji, ila wangu hawalii.

"Filamu yenyewe inahusu nini?"

"Ni kichekesho, mzee wangu, lakini kina machozi ndani. Wanaume watatu wameharibu maisha yao, kila mmoja kwa njia yake. Mmoja kafilisika kwa majivuno. Wa pili mlevi, kakimbiwa na familia. Wa tatu kagombana na ndugu zake wote. Wanakutana kwenye kazi ya kupika pilau la shughuli. Wanaanza kwa kugombania mwiko, wanaishia kuwa ndugu."

"Na waigizaji wenyewe?"

"Sitaki waigizaji. Nataka watu wa hapahapa. Nataka sura zilizochoka."

Akaniangalia sana alipofika hapo. Nikamwambia, "Sura yangu haijachoka."

"Ndiyo, baba. Lakini unaweza kuichosha kidogo?"

Mke wangu nilipompa habari jioni, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Mwanaume anayejisifu mpaka anafilisika? Basi huyo dada hakukupa kazi ya kuigiza. Kaja kukupiga picha tu."

Mlevi wa filamu alikuwa ameshapatikana. Alikuwa dereva mstaafu wa pale njia panda, mtu tuliyemzoea sote, aliyeendesha matela ya kwenda Kongo miaka ishirini. Pombe alishaacha, uongo bado. Anasimulia kwamba usiku mmoja alilala chini ya tela na simba, na kwamba hakupata usingizi kwa sababu simba alikuwa anakoroma. Mkewe alikwishahamia Tanga na watoto. Alipokuwa anasema mambo ya simba tulicheka, alipokuwa anasema mambo ya Tanga tulitazama pembeni.

"Wa tatu," yule dada akaniambia siku mbili baadaye, "nimempata Bagamoyo mjini. Anajenga ukuta kwenye nyumba ya wageni tuliyofikia. Fundi. Baba, huyo mtu ana uso! Hasemi, lakini uso unasema."

Nikajua ni nani kabla gari halijafika. Fundi mwashi asiyesema na mwenye uso, Bagamoyo nzima namjua mmoja tu. Na ningekuwa na akili siku ile ningefunga geti, nikasema yadi ina msiba.

Lazima nieleze hapa, kwa sababu bila hili huwezi kuelewa kilichofuata.

Mimi ni Mkwere. Yule fundi ni Mnyamwezi, babu zake waliteremka kutoka bara na misafara ile ya zamani ya mizigo, wakabaki. Watu wa makabila yetu ni watani tangu huko. Mtani wako ana ruhusa ambayo ndugu yako wa damu hana. Anakutukana mbele ya wakwe zako na wewe unacheka. Anakuvua kofia, anaondoka nayo, huidai. Na kwenye msiba ndiyo kazi yake inapokuwa kubwa: mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu na kuigiza alivyokuwa akitembea, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kitu, anaingia kaburini analala, anasema hapa ni pangu, sitoki. Watu wanachanga, wanambembeleza, wanacheka na machozi yakiwa mashavuni. Masheikh wengine hawapendi, na sisemi kwamba wamekosea. Nasema tu kwamba kwetu, maiti aliyezikwa bila mtani ni kama bibi harusi aliyepelekwa bila kigelegele.

Mimi na yule fundi tulikuwa hivyo kwa miaka kumi na tisa. Nilipofika Mapinga na mashine moja ya mkono ya kufyatulia matofali, sikujua kuchanganya. Tofali zangu za kwanza ungeweza kuzinywea chai. Yeye ndiye aliyenifundisha mchanga upi uchekechwe na upi uachwe, na tofali limwagiliwe maji siku ngapi kabla halijauzwa. Hakunitoza kitu. Alinitukana tu. Kila asubuhi akipita na baiskeli yake alipaza sauti tangu barabarani: "Mla mihogo! Bado hujafa?" Nami nikajibu: "Nife nikuachie nani, mpagazi? Nani atakubebesha mizigo?" Wateja wapya walidhani tunataka kupigana. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu, na siku nisipoisikia, chai haikushuka vizuri.

Mama yake naye nilikuwa mtani wake. Alikuwa akiishi Lugoba, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutoka tumboni. Nilikuwa nikienda kwake naingia jikoni moja kwa moja, nafunua sufuria, nachukua mnofu mkubwa kuliko yote, nakula nimesimama.

Alifariki alfajiri ya siku ambayo mimi nilikuwa na zege la kumwaga. Mteja mkubwa wa kutoka mjini, sakafu ya ghorofa ya kwanza, vibarua thelathini wamekwisha kukusanyika, mashine ya kuchanganyia nimekodi, na zege likianza haliachwi katikati. Simu ilipokuja nilikaa juu ya mfuko wa saruji nikafikiri. Nikaona nimepata jibu la kitajiri. Nikachukua lori langu jipya, nikapakia mchele magunia mawili, mafuta, sukari, turubai, viti hamsini, na tofali mia za kujengea kaburi. Nikamwambia dereva, nenda Lugoba, sema mimi nimebanwa, nitakuja arobaini. Nilijiona mtu mkubwa. Nikasema, nani mwingine pale msibani kaleta lori?

Arobaini nayo ikanikuta na zege lingine.

Nilipokutana na fundi baadaye, pale sokoni Bagamoyo, nilipaza sauti kwa mbali kama kawaida. Yeye akasimama, akanipa mkono, akasema, "Assalaam alaykum, mzee. Habari za nyumbani? Wazima? Alhamdulillahi. Ahsante kwa msaada wako siku ile, Mungu akulipe." Kisha akaenda zake.

Nilibaki pale na kikapu changu. Mtani akikusalimia kwa adabu, jua amekutoa.

Ilikuwa hivyo miaka sita. Nilituma sheikh, akaenda, akarudi, akasema, "Mbona hana neno nawe? Amekusifu sana." Nilituma mbuzi siku ya Idi, mbuzi akapokelewa na shukrani zikaja, shukrani ndefu. Nilimpa kazi ya kujenga ukuta wangu, akaijenga vizuri mno, ukuta umenyooka kama uzi, na kila asubuhi akaniamkia kama mwajiri. Mimi sikutaka shukrani. Nilitaka tusi. Mwanaume wa miaka hamsini na tano, mwenye kila kitu, nikawa naamka namwomba Mungu mtu mmoja anitukane.

Ndiye huyo sasa akashuka kwenye gari la filamu, yadini kwangu.

"Assalaam alaykum," akaniambia.

"Wa alaykum salaam."

"Habari za kazi, mzee?"

"Nzuri."

Yule dada akafurahi. "Mnajuana! Basi itakuwa rahisi."

Haikuwa rahisi. Kwanza mimi mwenyewe nilisumbua, nakubali. Siku ya kwanza nilivaa kanzu yangu ya darizi ya dhahabu na saa kubwa, ilhali mimi ndiye mtu aliyefilisika kwenye hadithi. Yule dada akanivua saa kwa mkono wake. Akanipa kanzu kuukuu ya kuazima, kwapani imeoza. Kisha nikatakiwa niseme, "Sina kitu, jamani, hata nauli sina." Sentensi fupi. Lakini kuna vibarua wangu wanaangalia, kuna majirani wamejaa ukutani, na mimi nikajikuta nasema, "Sina kitu, jamani, isipokuwa malori mawili."

"Kata! Baba, hapa huna malori."

"Yale pale yanaonekana."

"Kwenye hadithi huna."

"Basi tuyasogeze, kwa sababu mtu akiyaona atauliza ni ya nani."

Dereva mstaafu akasema, "Mwacheni aseme. Huyu hata siku ya kiyama ataulizwa dhambi zake, atataja malori." Watu wakacheka. Nikamtazama fundi. Midomo yake ilitikisika kidogo, halafu akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Tulirudia mara kumi na moja. Kwenye ile ya kumi na moja nilisema sawasawa, na nikaona uchungu wa kweli, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Siku za pilau ndizo zilizokuwa tamu. Walitaka wapishi watatu wasiojua kupika, na hapo hatukuhitaji kufundishwa. Moto wa kuni, sufuria la kilo ishirini, mwiko mrefu kama kasia. Hadithi ilitaka tugombanie mwiko na mimi nimwangushe dereva. Nikamwangusha vizuri, akaangukia kwenye beseni la vitunguu, akainuka anasimulia kwamba Lubumbashi aliwahi kuangukia beseni la nyoka. Wakati tunacheka, pilau likaungua chini. Yule dada hakukasirika. Akasema, "Endeleeni, msisimame, onjeni." Tukaonja mbele ya kamera, sote watatu kutoka sufuria moja, fundi akiwa katikati. Akaniwekea ukoko kwenye sahani bila kuniangalia. Ukoko ndio ninaoupenda, na anajua. Usiku ule nilimwambia mke wangu, nimepewa ukoko. Akaniuliza kama ndiyo malipo ya filamu.

Lakini kesho yake asubuhi: "Assalaam alaykum, mzee. Umeamkaje?"

Basi tukaendelea hivyo. Wiki ya pili yule dada akatuita, akatueleza tukio linalofuata, kwa sababu yale makaratasi sisi hatukuwa tunayasoma, alikuwa anatuambia kwa mdomo siku kwa siku. Akasema kesho mama wa yule mgomvi, yaani mama wa fundi kwenye filamu, anakufa. Ndugu wamemsusa. Anazikwa na wale rafiki zake wawili tu na akina mama wa jirani. Hapo ndipo wanaume wale wanapokuwa ndugu.

Nikamtazama fundi. Akaitikia kwa kichwa, "Sawa, binti yangu," akachukua baiskeli yake akaenda.

Ningeweza kusema. Ningemvuta yule dada pembeni nikamwambia, hilo liache, lina mambo yake. Sikusema. Nilijiambia labda litasaidia. Na kusema kweli niliogopa kueleza, maana ningeeleza ningetaja zege.

Kesho yake walianza kuchimba kaburi nyuma ya yadi, kwenye mchanga wangu. Vijana wa filamu walikuwa wanachimba shimo la duara. Fundi alipofika akasimama juu yao. "Mnachimba choo au kaburi?" Akawanyang'anya jembe, akaingia mwenyewe, akalinyoosha, akakata mwanandani, ile nafasi ya kumlaza maiti, upande wa kibla kama inavyotakiwa, kuta zimesimama wima kama kazipima kwa pimamaji. Jeneza alilitengeneza dereva kwa mbao zangu. Maiti alikuwa gogo la mgomba limefungwa shuka nyeupe. Akina mama kumi wa mtaani waliitwa wawe waombolezaji, walikaa kwenye mkeka wanazungumza bei ya mkaa, na kila walipoambiwa "lieni" walilia vizuri sana, kisha wakarudi kwenye mkaa.

Gogo likaletwa. Fundi alitakiwa asimame ukingoni na kusema, "Mama, nisamehe," halafu mimi nimshike bega.

Alisimama. Kamera ikamtazama. Akainamia gogo, jembe mkononi.

"Baba," yule dada akamwambia taratibu, "ni sentensi ile moja tu."

Fundi akaweka jembe chini. "Hapana, binti yangu. Mama yangu nilikwisha kumzika, kule Lugoba. Nilimzika bila mtani." Hakupaza sauti, lakini akina mama waliacha habari za mkaa. "Watu walikuwa wengi, chakula kilikuwa kingi, sina la kulalamika. Lakini watani wengine walimngoja mtani wake mkubwa, na jeneza lilitoka halikuzuiwa na mtu. Kaburi halikulaliwa na mtu. Mwanamke aliyecheka maisha yake yote tukamfukia kimya, watu wamesimama kama wako foleni ya benki. Nilikuwa nageuka naangalia barabarani. Kila gari likipita nasema ndiye huyo. Likaja lori. Sasa leo nimzike mgomba, na yeye kasimama hapo na kanzu, anishike bega kwa sababu kaambiwa ashike?"

Watu wote wakanigeukia.

Mimi si mtu wa kukosa maneno. Nilifungua mdomo nikasema, "Nilituma lori na..."

"Ndugu yangu," dereva akanikatiza, na safari hii hakuwa na mzaha, "lori halilali kaburini."

Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri. Nilivua viatu. Nikaenda kwenye mkeka, nikamvuta bibi mmoja kanga yake ya mabegani, bibi wa Kizigua, akasema "We!" kisha akanitazama usoni akaiachia. Nikajifunga kichwani namna mama yule alivyokuwa akijifunga, fundo pembeni juu ya sikio. Nikaingia kaburini. Nikalala.

Mchanga ulikuwa wa baridi mgongoni. Juu niliona kipande cha anga na vichwa vinachungulia. Nikaitoa ile sauti yake, ya kutokea tumboni.

"Nani kachimba shimo hili? Mbona finyu? Enyi wapagazi, mlipima kwa kamba ya mbuzi? Makalio yangu mtayaweka wapi, mtayazika kesho?"

Bibi wa Kizigua ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha kushtukia. Nikaendelea. Nikamwigiza akihesabu minofu kwenye sufuria kabla ya kwenda kusali na baada ya kusali. Nikamwigiza akijifanya kiziwi watu wakimwomba redio yake, na masikio yakifunguka mara moja akisikia ugoro umeletwa. Mikono yangu ikitoka shimoni tu, nikawa nawanyooshea akina mama vidole: wewe uliniazima ungo hukuurudisha, wewe mbona umekuja kunizika na nguo ya sherehe? Wakaanza kujibu. Hawakumjua mama yule hata mmoja wao, lakini kazi ya mtani waliijua, na wakaanza kulia na kucheka pamoja bila kuambiwa na mtu.

"Na yule Mkwere wangu yuko wapi?" nikasema kwa sauti ileile. "Yule mwenye kichwa kama tofali bichi? Hakuja? Kaleta mchele? Haya, mchele nimeusikia huku chini, mlipokuwa mnatafuna mawe yake. Mwambieni nilimwekea mnofu. Ulikaa mpaka ukaoza."

Hapo sauti yake ikaniishia. Ikatoka yangu. Nikasema, "Mama, niliona zege ni kubwa kuliko wewe."

Sikuwa na la kuongeza, na kwa mtu kama mimi hiyo ni habari.

Kamera ilikuwa haijazimwa, lakini hilo nililijua baadaye. Yule dada alitufuata sote watatu mwezi uliopita na kompyuta yake, akatuonyesha filamu yote pale yadini, na sehemu ile ameiacha kama ilivyo, hakukata hata kikohozi. Mahali pengine pote nimeonekana kidogo kuliko nilivyostahili, hotuba niliyoitoa kwenye harusi ya filamu imeondolewa kabisa na malori yangu hayamo hata kwa bahati mbaya. Dereva kajiona, akasema yeye kapendeza kuliko sote, akaomba apewe nakala ya kutuma Tanga. Ilikwenda. Binti yake mkubwa alimpigia simu, wakazungumza muda mrefu, na siku ile hakusema uongo hata mmoja, tukadhani anaumwa.

Lakini siku ile mle shimoni mimi sikujua lolote la kamera. Nilikuwa nimelala na kanga ya mtu kichwani, nasubiri. Kikaja kivuli juu yangu. Fundi.

"Toka," akasema.

"Sitoki mpaka nipewe changu." Ndivyo inavyosemwa. Mtani lazima aseme hivyo.

"Chako?" Alichuchumaa ukingoni, mchanga ukaniangukia machoni. "Umechelewa miaka sita, halafu unadai chako?"

"Mtani akichelewa hutozwa yeye!" bibi wa Kizigua akapaza sauti. "Kwetu hutozwa ng'ombe!"

"Ng'ombe!" akina mama wakaitikia.

"Ng'ombe wa wapi?" nikasema kutoka chini. "Nina mbuzi mmoja, naye kilema."

"Ana malori mawili huyo!" dereva akawaambia. "Mwenyewe kasema, tumerudia mara kumi na moja!"

"Mimi ng'ombe wake simtaki," fundi akasema. "Ataniletea kwa lori. Nataka alichonacho mwilini." Na yule mtu mtulivu, asiyesema, akaruka mle ndani na mabuti yake ya kazi, akanikalia kifuani, akaanza kunipekua kama askari wa forodha.

"Unaniua, mpagazi wewe!"

"Nilikuwa nauliza kila siku utakufa lini. Tulia, mla mihogo! Kichwa kikubwa hivi na mfuko uko wapi?"

Mla mihogo. Nililisikia, nikaacha kupigana. Nikamwachia mikono. Akaniona, naye akaacha kupekua kidogo, tukaangaliana tumebanana mle kwenye mchanga, wanaume wawili wenye mvi, machozi yanamtoka na makamasi yanamtoka na anacheka. Kisha akaendelea, maana mtani haachi kazi nusu. Chini ya kanzu ile ya kuazima nilikuwa na suruali yangu, na ndani ya suruali kulikuwa na chenji ya dizeli ya asubuhi. Akaitoa yote, akaikunjua mbele ya macho yangu. Nikamwomba aniachie angalau sarafu ya mwisho, nisitoke kaburini mtupu. Akasema mtupu ndivyo watu wanavyoingia, na ndivyo wewe utakavyotoka. Akainua mkono juu ya ukingo, akawahesabia akina mama kwa sauti, noti moja moja, nao wakiitikia kila noti kwa kigelegele, kisha akampa bibi wa Kizigua anunue kahawa, tende na ubani, tumsomee mama yake khitima palepale jioni ile. Kumi, ishirini, thelathini, arobaini, na tano, na mbili, na ile sarafu: shilingi elfu arobaini na saba na mia mbili.